Dodoma, Mvinyo Mwekundu na "Mzuri" Zangu za Miaka Minne

Mpenzi msomaji, ngoja nianze kwa kuungama. Kwa miaka minne mfululizo nimekuwa nikimdanganya mume wangu. Usishtuke, si mambo hayo unayoyafikiria. Ni mambo ya glasi. Kila Ijumaa jioni anafungua chupa ya mvinyo mwekundu, ule mzito, rangi kama juisi ya zambarau. Anamimina, anazungusha glasi, ananusa, anafumba macho, kisha ananigeukia: "Unaonaje?" Nami, mke mwema, najibu: "Mzuri."

Ukweli wenyewe? Mdomo ulikuwa unanikauka kama mtu aliyetafuna bibo bichi. Ulimi unagoma, mashavu yanavutika kwa ndani, na moyoni nasema bora ningekunywa maji ya ukwaju. Lakini ningemwambiaje, na macho yale yananitazama kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule?

Ugonjwa huu alirudi nao kutoka Afrika Kusini. Kazini kwao walimpeleka semina ya wiki mbili Cape Town, wikiendi moja wenyeji wake wakamchukua hadi Stellenbosch kuonja mvinyo, basi, tukampoteza. Alirudi na chupa mbili za Pinotage zimeviringishwa ndani ya mashati yake. Tangu siku hiyo, pilau ya Ijumaa tunaila na mhadhara juu yake. Nimeshajua kwamba Pinotage ni zabibu iliyozaliwa Stellenbosch mwaka 1925, pale mtaalamu Abraham Perold alipochanganya mbegu za Pinot Noir na Cinsaut. Nimeshajua kwamba Cabernet Sauvignon ina ganda nene. Kitu kimoja tu ndicho sikukijua: mimi mwenyewe nilikuwa naonja nini.

Sasa, mwenzangu, "mzuri" ni neno la kuogopa. Likishazoea kutoka mdomoni halichagui pa kutokea. Nililisema kwenye mvinyo, nikalisema kwenye kochi la kijani ambalo mpaka leo silipendi, nikalisema alipotaka tuhamie upande mwingine wa jiji, mbali na mama yangu. Halafu mwezi wa saba akaja na jipya: tuchukue akiba yetu ya kujengea nyumba, tununue ekari mbili za mizabibu Dodoma. Tulime zabibu, siku moja tutengeneze na mvinyo wetu wenyewe. "Unaonaje?"

Nikasema, "Wazo zuri."

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikaomba kitu kimoja tu: kabla hatujalipa hata senti, twende tukaone shamba na tuonje mvinyo wa huko. Alifurahi mpaka akanibusu paji la uso. Maskini, hakujua kwamba mwenzake nilikuwa natafuta pa kutokea.

KUTOKA JASHO LA DAR HADI UPEPO WA DODOMA

Zamani kwenda Dodoma ilikuwa ni siku nzima ya kutikiswa kwenye basi, mkononi una mahindi ya kuchemsha, shingoni una jasho. Tangu treni ya umeme ya SGR ilipoanza kufika huko mwaka 2024, mambo yamebadilika. Unapanda Dar asubuhi, na muda wa chakula cha mchana haujafika uko makao makuu ya nchi. Kwa wapendanao naipa alama zote. Hakuna kelele, viti viko pamoja, na mume hana usukani wa kujifichia. Mnalazimika kuzungumza.

Milima ya Uluguru ikatupita kushoto, kisha baada ya Kilosa tukaanza kuingia na kutoka kwenye mahandaki. Tulipotoka upande wa pili nchi ilikuwa imebadilika. Kijani kimebaki nyuma. Mbele ni udongo mwekundu, miba, mawe makubwa na mibuyu iliyosimama peke yake bila majani. Mume wangu alikuwa na daftari lake dogo, ananisomea vipengele vya kuhukumu mvinyo. Mimi natazama mibuyu na kujiuliza nitaanzaje.

Usiniulize ni nani aliyefikiria kupanda zabibu kwenye ukame ule. Kweli, jibu lipo: wanaotajwa ni wamisionari Wakatoliki waliopanda Bihawana miaka ya 1950, kwa sababu altare haikosi divai. Na ukame huo huo ndio siri yenyewe. Dodoma iko juu, kama meta 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo jua ni kali mchana lakini usiku kunapoa. Mvua ni chini ya milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Mahindi yanalia, mzabibu unacheka. Unyevu ukiwa mwingi zabibu hushikwa na ukungu na kujaa maji. Kiangazi kikikaza, tunda linabaki dogo, ganda linene, sukari imejikusanya ndani.

Tulishuka na upepo wa Agosti ukatupokea. Dada zangu wa Dar, ukienda mwezi huo beba sweta. Siongei mara mbili.

KWA MAMA MWENYE SHAMBA

Hombolo iko nje ya mji, kaskazini mashariki, huko kwenye bwawa. Njiani tunapita watoto wanachunga mbuzi, wanawake wamebeba kuni, halafu ghafla mstari wa kijani, mwingine, na mwingine. Mizabibu! Imefungwa kwenye nyaya zilizoshikwa na nguzo, kama wanafunzi waliopangwa mstarini. Vichala vinaning'inia chini ya majani, vyeusi, vina vumbi jeupe kama poda.

Aliyetupokea ni mama wa miaka sitini hivi, kanga kiunoni, mkasi mkononi. "Mbukwenyi!" akatusalimia kwa Kigogo. Tukachanganyikiwa, tukajibu "Shikamoo mama." Akacheka, "Marahaba wanangu, karibuni." Amelima zabibu tangu ujana wake, na hana haraka na watu wa mjini wanaokuja na madaftari.

Kwanza alitufundisha kuhusu mkasi. Kule Ulaya mzabibu unalala wakati wa baridi, unaamka wenyewe joto likirudi. "Huku hakuna baridi ya kuulaza," akasema. "Sisi ndio tunaoulaza na sisi ndio tunaouamsha. Ukipogolea leo, umeuambia amka." Ndiyo maana Dodoma inavuna mara mbili kwa mwaka: mavuno ya kiangazi, Agosti na Septemba, na mengine Februari na Machi katikati ya mvua. Ya kiangazi ndiyo anayoyapenda, kwa sababu zabibu zinatoka kavu na tamu. Zake nyingi ni zile nyekundu zinazoitwa Makutupora, jina la mahali kilipo kituo cha utafiti wa zabibu, kaskazini mwa mji. Ana na mistari michache ya Syrah.

Kisha akachuma kichala akanipa. "Onja." Nikatia moja mdomoni, nikamung'unya, tamu! Nikataka kutema ganda na mbegu. "Usiteme," akasema. "Tafuna. Mvinyo wa nyekundu hauko kwenye maji, uko huko unakotaka kutema."

Nikatafuna. Na hapo, msomaji wangu, ndipo kilipokuja. Ule ukavu. Yale mashavu kuvutika. Ule mdomo wa bibo bichi, wa ndizi mbichi, wa chai ya rangi iliyosahaulika jikoni na majani yake. Bila kufikiri nikasema kwa sauti, "Ah! Unakakasa!"

"Ndiyo," mama akasema, kama mwalimu aliyepata jibu alilokuwa analisubiri. "Ukakasi."

Mume wangu akaacha kuandika. "Hiyo ndiyo tanini," akasema taratibu. Miaka minne amekuwa akiniimbia tanini, tanini, nami nadhani ni kitu cha Wafaransa. Kumbe ni ukakasi! Neno ninalo tangu nina miaka mitano, niko juu ya mkorosho wa babu.

KWENYE TANGI

Mchana tukaenda kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo. Kijana mtengenezaji, mtu mpole mwenye mikono iliyogeuka zambarau, alitueleza bila mbwembwe. Zabibu nyekundu ukiikamua, maji yake karibu yote ni meupe. Rangi iko kwenye ganda. Kwa hiyo mvinyo mwekundu unapikwa na maganda yake: zabibu zinapondwa, zinaachwa zichachuke pamoja na maganda na mbegu, chachu inakula sukari na kuigeuza kilevi, na huku rangi na ukakasi vinaingia kwenye maji. Ukiacha maganda siku nyingi unapata mvinyo mzito. Ukiyatoa mapema unapata mwepesi. Ukiwa mvinyo mkavu, maana yake chachu imeimaliza sukari karibu yote. Ukiwa mtamu, sukari imebakizwa au imeongezwa.

"Wateja wengi wanataka mtamu," akasema. "Mkavu wanauonja mara moja, wanakunja uso, hawarudi." Nilitazama chini.

Akatumiminia kutoka kwenye tangi Makutupora ya msimu uliopita. Mume wangu akaanza shughuli zake: akauinua kwenye mwanga, akazungusha, akanusa. Safari hii nami nikafanya, na sikumwiga. Nilikuwa natafuta. Nikanusa mara ya kwanza, nikapata kilevi tu. Nikazungusha, nikanusa tena, na palepale nikawa uani kwa bibi yangu, chini ya mzambarau, msimu zambarau zimeanguka zikakanyagwa. Nikanusa mara ya tatu: vumbi baada ya manyunyu ya kwanza. Nikapiga funda, nikauzungusha mdomoni.

"Unaonaje?" Wanaume wawili wananitazama.

Nikavuta pumzi. "Unanuka zambarau zilizoiva sana, napenda. Lakini ukifika mdomoni una ugwadu mkali kama ukwaju, ukakasi unakuja haraka, katikati hamna kitu. Halafu unaondoka ghafla. Kama mgeni aliyekuja mpaka mlangoni, akakataa chai."

Kimya. Nikadhani nimetukana kazi ya mtu. Yule kijana akatikisa kichwa polepole, akasema, "Dada, hivyo ndivyo ulivyo. Tulivuna mapema tukiogopa ndege." Kisha akafungua bomba la tangi la pembeni. "Sasa niambie huu."

Ulikuwa Syrah. Nao ulikaa.

Mume wangu hakusema neno mpaka tumerudi kwenye gari. Hapo ndipo aliponiuliza, "Kumbe unajua kuonja. Miaka yote hii mbona huwa unaniambia mzuri tu?"

"Kwa sababu ulikuwa unataka uwe mzuri," nikamjibu.

CHUPA NNE KWENYE MAGAZETI

Jioni, kwenye nyumba ya wageni, akaja na wazo la kishujaa: tuonje bila kujua tunaonja nini. Na kwa haki, yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza.

Kuna visa viwili vinavyopendwa sana na watu wa mvinyo. Cha kwanza ni cha Paris, tarehe 24 Mei 1976. Mwingereza mfanyabiashara wa mvinyo, Steven Spurrier, aliwakalisha majaji wa Kifaransa wakaonja glasi zisizo na majina, mivinyo ya Ufaransa ikichanganywa na ya California. Mwekundu ulioshika namba moja ulikuwa wa Stag's Leap Wine Cellars wa mwaka 1973, wa California, mbele ya majina makubwa ya Bordeaux. Cha pili ni utafiti uliochapishwa mwaka 2001. Wanafunzi 54 wa masomo ya mvinyo kule Bordeaux walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yalishaamua, ulimi ukafuata. Sasa kama hao wanadanganyika, sembuse sisi wa Ijumaa na pilau?

Tulikuwa na chupa nne: Makutupora ile ile ya kiwandani, Syrah ya kiwandani, Cabernet Sauvignon ya Chile ya bei ya kawaida, na Pinotage ya Stellenbosch aliyokuja nayo kutoka Dar kwa ajili ya sherehe ya kufunga mpango wa shamba. Bei ya hiyo Pinotage siitaji, nimeijua baadaye na bado imenikaa rohoni. Tukamwomba dada wa jikoni azivishe chupa zote magazeti, aziandike A, B, C na D, asituambie kitu. Tukagawa alama 20: rangi 3, harufu 6, mdomoni 8, na alama 3 za mkia, yaani ladha inavyobaki baada ya kumeza. Kila mtu na karatasi yake. Hakuna kuchungulia.

Matokeo? Ngoja nikupe kama yalivyo, bila kuyapamba.

A, mimi nikaipa 11, yeye 12. Ilikuwa Makutupora. Tulikubaliana karibu neno kwa neno: harufu nzuri, katikati tupu, mkia mfupi. Hapa nasema na wewe mzalendo mwenzangu. Kuna watu wanadharau cha nyumbani bila kuonja, na kuna watu wanakisifia bila kuonja. Hao wote ni ndugu. Yule kijana mwenye mikono ya zambarau hakuhitaji pongezi zetu, alihitaji kuambiwa kwamba katikati hamna kitu.

B, mimi 12, yeye 16. Chile. Yeye alisikia tumbaku, pilipili hoho na mbao. Mimi nilisikia mbao, mbao na mbao, kama nimeingia karakana ya seremala. Tukabishana kwa saa nzima. Yeye anasema pipa la mwaloni linaupa mvinyo heshima, mimi nasema limemfunika mwenyeji kwa shela. Sijui lini mara ya mwisho tulibishana kwa raha namna ile.

C, mimi 15, yeye 14. Syrah ya Dodoma. Nyeusi, ina pilipili manga kwa mbali, ukakasi wake una nguvu lakini laini, kama kitambaa kizito badala ya gunia. Tulipoinywa na nyama ya mbuzi ya kuchoma, ukakasi ukayeyuka kabisa. Kuna sababu: tanini hung'ang'ania protini. Mdomo ukiwa mtupu inanyang'anya mate yako, ndiyo unakauka. Ukiwa na nyama, inashughulika na nyama. Ni kama maziwa yanavyotuliza chai kali.

D, mimi 8, yeye 9. Mume wangu aliandika: "Umeungua. Kama jemu iliyosahaulika motoni. Umekufa."

Dada wa jikoni akavua magazeti. D ilikuwa Pinotage yake.

Aliishika ile chupa muda mrefu. Ndipo akakumbuka alikoinunua: duka lenye dirisha kubwa la kioo, chupa zimesimamishwa mbele kama warembo, jua la Dar linawapiga kuanzia asubuhi. Joto linaupika mvinyo ndani ya chupa. Si kosa la Stellenbosch wala la zabibu, ni kosa la dirisha. Lakini sikuwa nawaza dirisha. Nilikuwa nawaza kwamba kama magazeti yasingekuwepo, angenimiminia, angeniuliza "Unaonaje?", ningesema "Mzuri," naye angekubali. Tungekunywa maiti, wote wawili tunatabasamu.

"Mangapi mengine?" akaniuliza usiku ule taa zimezimwa.

Nikamtajia kochi. Nikamtajia kuhama. La shamba nikashindwa.

KURUDI

Kabla ya kupanda treni tulipita tena Hombolo kumuaga mama. Mume wangu akamuuliza waziwazi: yeye, kama mtoto wake, angemshauri anunue? Mama hakujibu moja kwa moja. Akatuonyesha mabomba ya maji ya matone na kutueleza gharama ya kuyasukuma. Akatueleza kuhusu misimu ambayo zabibu zimeiva na wanunuzi hawaji, au wanakuja wakiwa wamejaza matangi. "Zabibu haingoji," akasema. "Mahindi unaweka ghalani. Hii ukiwa na mnunuzi una pesa. Ukikosa mnunuzi una nzi." Kisha akauliza, "Nani kati yenu atakuwa hapa siku ya kupogolea?"

Tukatazamana. Kwenye treni yeye alikaa dirishani. Tulipoingia kwenye handaki la kwanza, kioo kikawa cheusi, nikaiona sura yake ikinitazama kwenye kioo. "Shamba," akasema. "Unaonaje?"

Nilikuwa na neno lile tayari mdomoni, naapa. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Hapana," nikasema. "Sitaki. Tunaishi Dar, hakuna kati yetu anayejua kushika mkasi, na ile ni hela ya nyumba. Nilipokwambia ni wazo zuri nilikudanganya, na usiku ule sikulala."

Hakujibu. Kilosa ikapita. Kimya. Milima ya Uluguru ikatokea, safari hii upande wa kulia. Nikaanza kujuta, nikawaza labda "mzuri" moja zaidi isingemuua mtu. Tulipokaribia Morogoro akafungua daftari lake, akatoa kalamu.

"Kwa ishirini," akasema bila kunitazama. "Ungelipa ngapi?"

Nikafikiri. "Nane."

"Nane tu?"

"Harufu ni nzuri sana," nikamwambia. "Ila mkia."

Akaandika. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikaona anacheka, anacheka mpaka abiria wa kiti cha mbele akageuka. Daftari hilo ninalo hapa mezani ninapoandika. Ukurasa wa mwisho umeandikwa: "Shamba. Mke 8. Mimi 13. Haitoshi."

Akiba ipo benki. Kochi la kijani tumempa mdogo wake.

UKITAKA KUJARIBU NYUMBANI

1. Jifungulieni chupa tatu au nne zenye bei zinazokaribiana, za nchi tofauti, na moja iwe ya Dodoma. Zivisheni magazeti, mtu wa tatu aziandike herufi. Zote ziwe kavu, usichanganye na tamu.

2. Ile kanuni ya kunywa mwekundu kwenye "joto la chumbani" ilitoka kwenye nyumba za baridi za Ulaya, si kwenye chumba chako cha Sinza. Mwekundu mzito unapendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18. Kwa hiyo weka chupa kwenye friji kwa muda kabla ya kunywa.

3. Jaza glasi theluthi moja tu, ili upate nafasi ya kuzungusha. Yale machozi yanayoteremka kwenye kioo ni habari ya kilevi, hayakuambii kama mvinyo ni bora.

4. Nusa kabla na baada ya kuzungusha. Tumia maneno ya kwenu: zambarau, ukwaju, ubuyu, karafuu, moshi wa kuni, ngozi ya kiatu kipya. Kama hujawahi kuona matunda ya Ulaya, usijifanye umeyanusa.

5. Tofautisha ugwadu na ukakasi. Ugwadu unakutoa mate, ukakasi unakukausha. Mvinyo mzito mzuri una vyote viwili, na hakuna kinachompigia mwenzake kelele.

6. Kula nyama: mishkaki, mbuzi choma, maini. Punguza pilipili kali, kwa sababu kilevi kinaichochea moto.

7. Majaji wa kweli hutema. Si ushamba, ni akili. Na baada ya chupa nne, hata ukijiona mzima, usishike usukani.

8. Andikeni alama kabla ya kuzungumza. Kisha kila mmoja asome yake kwa sauti, na asiyekubaliana aeleze kwa nini. Neno "mzuri" peke yake halikubaliki.